Mshale wa Revu Ukianza Kudensi

Ndai ya manyuali iko na aibu yake, na msee wa oto hawezi kuielewa. Uko Globe saa moja usiku, jam ya Thika Road imeshikana. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unangoja nganya ya mbele isonge. Injini yenye ilikuwa inaongea poa na gia ya pili inashuka, inapanda, inashuka tena, alafu kimya. Dashibodi yote inawaka taa. Makanga wa nyuma anachapa mabati na kukuambia urudi shule ya udere. Dem mwenye umebeba anajifanya anasoma simu.

Hapo kila mtu ashaamua hujui kubalansi klachi. Saa zingine ni ukweli, usijitetee sana. Lakini ka umeendesha hiyo moti mwaka mzima bila noma, na sai inazima kila ukisimama, mguu wako haujasahau kazi usiku mmoja. Kenye imeharibika ni sailensi, ule mdundo injini inajishikilia nao yenyewe ukiwa hujakanyaga mafuta. Na kabla mtu akuuzie sensa, distributa ama injini mzima ya kutoka Japan, kuna vitu mob unaeza jua na mguu wa kushoto na masikio tu.

Nitaongea sana na Corolla 110, ile ya injini ya 5A, juu ndio ndai ya kwanza ya wasee wengi mtaani. Imerithiwa kwa buda, ama anko ameichoka, ama imenunuliwa na doh ya chama. Iko na distributa, kebo ya mafuta, na kompyuta ya kitambo isiyo na maringo. Ukiielewa hiyo, Probox na Nissan B15 zitakuja mbio.

Ikishapata moto, 110 inafaa ikae kati ya 700 na 800 kwa mshale wa revu. Asubuhi ikiwa baridi inaanza juu, 1,200 ama 1,500 hivi, alafu inashuka polepole vile maji yanapata joto. Hiyo si ugonjwa. Lakini kuna msee ataenda kulia kwa fundi ati gari inanguruma asubuhi, na fundi, juu ako kazini na anataka kulipwa, anachukua bisibisi na kuipunguza. Wiki mbili baadaye inazima kwa taa. Fundi wa pili anachukua bisibisi ileile na kuipandisha. Sai ikiwa moto inakaa 1,200, inakunywa petroli, na hakuna mtu amejua shida ilikuwa nini.

Wacha niongee hiyo bisibisi kidogo, juu inanichoma. Enzi za kabureta, zile Peugeot 504 na Datsun za wazae, skrubu ya sailensi ilikuwa halali. Uliizungusha ukisikiza, ukaweka na ile ya mchanganyiko wa petroli na hewa, basi, ukaenda zako. Kwa injini ya injekta stori ni ingine. Ile skrubu inashikilia kipepeo cha throto kilipangwa kiwandani, na pale kwa ekseli ya kipepeo kuna sensa ya kuambia kompyuta, "Dere ameinua mguu." Ukiizungusha juu, kipepeo hakifungi kabisa, sensa haisemi kitu, na kompyuta inadhani bado umekanyaga. Inaacha kushughulikia sailensi kabisa. Yaani umemfukuza mwenye kazi ndio ufanye kazi yake na bisibisi. Ukipata rangi ya kiwanda kwa hiyo skrubu imekwaruzwa, jua kuna mtu alishapita hapo kabla yako.

So bonyeza breki kwanza. Swali la maana kwa mambo ya sailensi ni lini. Inasumbua ikiwa baridi ama ikiwa moto? Ukiwa umesimama tu, ama ukitoka kwa mwendo? Ukiwasha taa na feni? Ilianza baada ya kitu gani? Hilo la mwisho wasee huliruka kabisa, na ndilo hulipa. Ka ilianza Jumapili jioni, na Jumapili mchana ndai ilikuwa kwa kaawoshi ikioshwa injini na mashine ya presha, usinunue chochote. Maji yameingia kwa kofia ya distributa ama yamekaa kwa visima vya plagi. Toa kofia, panguza, toa waya za plagi moja moja, pulizia hewa, kausha, rudisha. Hiyo ni kazi ya kabla chai ishuke. Nimeona mtu akiuziwa seti mzima ya plagi na waya juu ya maji yenye yangekauka yenyewe kesho yake mchana.

Sasa klachi. Msee wa manyuali amebarikiwa, juu anaeza kutenga injini na gurudumu vile anataka, na hiyo ni kipimo cha bure. Acha injini ipate moto, weka nyutro, vuta hendibreki, toa mguu kwa klachi. Skiza. Alafu ikanyage polepole mpaka chini na ucheki mshale.

Ikiwa fiti, mshale unakaa pale pale, ama unapanda kidogo sana, haswa asubuhi, juu umepunguzia injini mzigo wa kuzungusha mafuta mazito ya giaboksi. Ukisikia kelele inakuja ukikanyaga, hiyo ni rilisi beringi. Kelele ikipotea ukikanyaga, beringi ya giaboksi. Zote ni gharama, lakini haziangushi sailensi, kwa hivyo usikubali kuuziwa klachi kiti ati ndio gari iache kuzima.

Ile ya kuogopa ni hii: unakanyaga klachi ukiwa nyutro, mshale unaanguka wazi, na unakaa chini mpaka uachilie. Klachi ikikanyagwa inasukuma krankishafti kwa upande, na kuna vipande vyembamba vya chuma huko ndani vya kuizuia isisogee. Vikiisha, kranki inasugua penye haifai. Shika puli ya kranki injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage na kuachilia klachi: ka unaiona ikienda mbele na nyuma waziwazi, tafuta fundi wa injini, na wacha safari ya ocha ingoje. Hii hupata sana wasee wenye hulala na mguu kwa klachi jam mzima kutoka Roysambu hadi tao. Weka nyutro, inua mguu. Si ushamba.

Lakini wengi hawako hapo. Wengi, klachi ikikanyagwa wakiwa wamesimama hakuna kenye kinatendeka; shida inakuja wakikanyaga wakitoka kwa mwendo. Ulikuwa 2,000, ukainua mguu kwa mafuta, ukakanyaga klachi, na injini ikaanguka kutoka juu bila mtu wa kuidaka. Kwa oto gurudumu haziachani na injini ghafla hivyo, ndio maana uchafu uleule kwa oto unaeza kaa miaka bila kujulikana. Mdakaji hapa ni valvu ya sailensi. Kwa 110 iko chini ya throto, inapitisha hewa kando ya kipepeo, na kompyuta inaifungua na kuifunga kidogo kidogo ndio revu zisianguke. Miaka ikisonga, masizi na mvuke wa oili vinaganda hapo, inakuwa nzito, inachelewa. Na kwa sailensi, kuchelewa nusu sekunde ni kuzima.

Hapa kuna tabia moja lazima tuiongelee, ata ka itawaudhi wazae. Kuteremka na free ndio uokoe petroli. Ndai ya injekta ikiwa ndani ya gia, ukiinua mguu kwa mteremko, kompyuta hukata petroli kabisa, juu gurudumu ndio zinazungusha injini. Ukiweka free, injini lazima inywe ndio isizime. Kwa hivyo free haiokoi kitu. Na ka sailensi yako ni mbaya, injini inaeza zima hapo kwa mteremko wa Mai Mahiu, na ikizima, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja ama mbili alafu pedali inakuwa jiwe, na steringi ya pawa inakuwa nzito. Salgaa ilipata jina baya juu ya malori kushuka na free. Wewe na Corolla yako si special.

Kusafisha throto na hiyo valvu si uchawi. Toa bomba la hewa kutoka kwa felta ya hewa, utaona kipepeo. Ka ukingo wake ni mweusi na unanata, umepata mshukiwa. Kebe la dawa ya kabureta, mswaki wa kitambo na kitambaa vinatosha, lakini kazi poa ni kutoa throto mzima, kuweka gaskiti mpya, na kuosha njia ya valvu bila kuloweka upande wa umeme. Kumbuka kuna paipu mbili za maji zinapita hapo. Ukizitoa maji yatamwagika, na ukirudisha lazima utoe hewa kwa mfumo wa maji. Kwa Nissan B15 na ndai zenye throto ya umeme, usisukume kipepeo na kidole swichi ikiwa imewashwa, na usishtuke ikikaa juu baada ya kuosha. Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, na lazima ifunzwe upya. Kwa Nissan kuna utaratibu wake maalum, na fundi mwenye skana ya maana anaufanya bila hata kumaliza soda.

Mshale nao uko na lugha mbili, na mafundi wengi wa haraka huzichanganya. Kuna kupanda na kushuka kwa mpigo mmoja: 1,000, 1,800, 1,000, 1,800, unaeza hata kupiga makofi nayo. Na kuna kutetemeka: mshale uko karibu na penye unafaa lakini injini inarukaruka, kiti kinakutikisa, egzosi inatoa pu... pu-pu... pu. Ya kwanza ni mambo ya hewa na kompyuta. Ya pili, mara mob, ni silinda moja haifanyi kazi.

Hii ya mpigo wa kupanda na kushuka nilikuwa nikidhani ni uchizi wa umeme, mpaka mtu akanielezea vizuri, na tangu hapo naipenda kuiona kwa ndai ya wengine. Hewa zaidi inaingia mahali, kwa hivyo injini inapanda. Kompyuta inaona revu ziko juu na dere hajakanyaga, inasema huyu anateremka mlima, inakata petroli. Injini inaanguka. Ikifika chini, kompyuta inarudisha petroli, hewa bado ni mingi, inapanda tena. Hakuna kifaa kimekufa hapo. Kompyuta inafanya kazi yake vizuri kabisa na habari mbaya.

Hewa hiyo inatoka wapi? Kwa 110 kuna hozi nyembamba za mpira zinatoka kwa manifodi, na joto la miaka mingi limezikausha zikapasuka. Kuna gaskiti ya manifodi. Kuna hozi nene ya kwenda kwa breki. Ibane na koleo iliyofungwa kitambaa, na ka sailensi inatulia, shida iko kwa hozi hiyo ama kwa seva ya breki. Kuna valvu ya kupumua ya oili. Bana hozi yake pia na usikie ka kuna mabadiliko. Chukua kipande cha paipu ya maji, weka upande mmoja sikioni, tembeza upande wa pili karibu na viungo vyote, utasikia ssss. Wasee wengi hupulizia dawa ya kabureta kwa viungo injini ikinguruma ndio waone ikibadilika. Inafanya kazi, lakini hiyo kitu inashika moto na egzosi iko karibu, na waya za plagi za kitambo hutoa cheche. Mi napendelea masikio na koleo.

Na si lazima hewa itoke nje. Kuna Toyota za familia hii zenye hewa ya asubuhi inaongozwa na joto la maji: maji yakipata moto, njia inafungwa. Ka maji yamepungua ama kuna hewa ndani ya mfumo, njia haifungi vizuri, na sailensi inabaki juu ama inaanza kucheza. Kwa hivyo kabla ya vitu vingine vyote, ndai ikiwa baridi, fungua redieta uangalie. Utacheka vile mara mingi inaishia hapo.

Hapo hapo kuna dhambi ya mafundi wetu, kutoa thermostati. Gari ilichemka siku moja, fundi akasema Afrika haina baridi, hiyo kitu ni ya Wazungu, akaitupa. Sasa maji hayafiki joto lake, haswa Julai asubuhi ukiteremka kutoka Limuru. Kompyuta inadhani injini bado imelala, inaongeza petroli na kushikilia sailensi juu. Plagi zinakuwa nyeusi. Unanunua plagi. Zinakuwa nyeusi tena. Ukiona mshale wa joto hauinuki hadi penye hukaa, ama unashuka ukiwa haiwei, uliza ka thermostati iko, na usikubali jibu la "si lazima".

Sasa ile ya kutetemeka. Kipimo chake ni cha kitambo na bado ni kikali: toa silinda moja moja kazini. Injini ikinguruma, chomoa soketi ya injekta ya kwanza. Ka injini imezidi kulegea, hiyo silinda ilikuwa inafanya kazi, rudisha. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ukichomoa na hakuna kitu kimebadilika ndio haikuwa kazini. Mafundi wengine hutoa waya wa plagi na mkono mtupu, wanashtuliwa na umeme alafu wanacheka. Waache. Soketi ya injekta haiumi mtu.

Ukishapata silinda mvivu, hamisha vitu kabla ya kununua. Plagi ya silinda ya tatu iende ya kwanza. Ka ugonjwa umehama nayo, ni plagi. Ka umebaki, hamisha waya, ama koili kwa ndai zenye kila plagi iko na koili yake. Angalia plagi pia: nyeusi kavu ni petroli mob, nyeusi yenye mafuta ni oili inaingia, nyeupe sana ni petroli kidogo ama joto. Na usinunue plagi ya bei ya kutupa pale Grogan alafu ushangae. Boksi imeandikwa jina kubwa, ndani ni kitu kingine. Kirinyaga Road ina watu wa maana wenye wameuza spea miaka na wanajua 5A kuliko mtu yeyote, lakini pia ndio mahali watu hutaniana ati ukipaki vibaya utanunua sidemira yako mwenyewe. Enda na spea yako ya zamani mkononi, linganisha, lipa, hepa.

Kuna kitu wasee hunibishia: kwani si fyul pampu? Kila mtu akisikia injini inazima anataja pampu. Fikiria hivi. Kwa sailensi injini inakunywa kidogo sana, hewa kidogo, petroli kidogo. Ni msee anakunywa soda na mrija: katundu kadogo kwa mrija hakamsumbui akivuta kwa nguvu, lakini akivuta polepole anakunywa hewa tupu. Kwa hivyo ka ndai inazima kwa taa lakini inapanda Kangemi na watu watano bila kulia, tafuta hewa. Ka iko poa kwa taa na inakufa ikipanda, hapo sasa ongelea pampu na felta ya petroli. Na ka wewe ni wale wa kuweka ya soo mbili na taa ya mafuta imewaka tangu Jumatatu, pampu yako inavuta uchafu wa chini ya tangi na haina petroli ya kuipoza. Sitasema mengi, najua mfuko uko vile uko.

Alafu bezi. Ukiweka ampu na wufa mbili kwa buti ya ndai ya 1500, ukawasha taa, feni na waipa, alternata inakuwa mzigo mzito kwa injini yenye inatembea 700 tu. Revu zikianguka na taa zikififia kila bezi ikigonga, pima umeme kwa betri injini ikinguruma. Inafaa isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikisoma 12 na ushei, alternata ama belti yake imechoka, na kompyuta yenyewe iko njaa. Punguza muziki kwanza uone ka sailensi inarudi. Najua inauma.

Skana nayo? Kile kidude cha bluetooth cha kuunganisha na simu kinapatikana Luthuli, na kwa Probox na Nissan za juzi juzi kinaeza kusaidia, lakini usiabudu. P0300 inasema injini inamiss, haijasema nunua koili. P0505 inasema mfumo wa sailensi una noma, haijasema valvu imekufa. Hata hozi iliyopasuka huileta. P0171 inasema hewa ni mob kuliko petroli. Mtu akisoma namba na hapo hapo ataje bei ya spea, muulize amepima nini. Kenye mimi huangalia kwa skana ni ile asilimia ya petroli kompyuta inaongeza ama kupunguza. Ka kwa sailensi inaongeza zaidi ya 10 na ukikanyaga hadi 2,500 inarudi karibu na sufuri, hewa ya wizi inaingia mahali, karibu uhakika.

110 yenyewe mara mingi haitaongea na hicho kidude, na haina haja. Chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS. Kifuniko kwa ndani kina ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 na kawaya, usiguse mengine, washa swichi bila kupiga stata, alafu hesabu vile taa ya injini inablinki. Ikiblinki sawasawa bila kusimama, kompyuta haina malalamiko. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ile ya kupima vakyum ya manifodi, 41 ni ile ya kipepeo, na hapo unarudi kwa stori ya bisibisi. Kawaya kakiwa hapo hapo na injini inanguruma, fundi anapima taiming: inafaa isome digrii 10. Akipima bila kuunganisha, anapima taiming yenye kompyuta inacheza nayo, na atazungusha distributa bure.

Na ka mshale umetulia kabisa kwa 750 lakini sarafu zinadensi kwa dashibodi, hiyo si sailensi. Ni maunti za injini. Songa.

Kuna wale washafanya hii yote na silinda moja bado ni mvivu. Hapo ndio unapima kompreshoni, na hapo ndio uongo mkubwa huuzwa Nairobi. Fundi anaingiza geji, inasoma 150, anakuonyesha kwa simu kitabu kimesema 190 hivi, anatikisa kichwa: "Mkuu, hii injini imeenda, kuna moja safi imeshuka juzi." Wacha mguu mmoja nje. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na injini inabana hewa yenye imepewa. Namba za kitabu ni za pwani. Injini fiti yenye Mombasa ingesoma 190, hapa itasoma kama 155. Geji ya vakyum nayo inadanganya vilevile: pwani injini nzima inasoma kati ya 17 na 21 kwa inchi za zebaki, huku kwetu toa kama tano.

Kwa hivyo mwambie apime zote nne, injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekanyagwa hadi chini, na betri iko na nguvu. Aandike. Zikisoma 150, 155, 150, 152, hiyo injini haijaenda mahali, na mnarudi kwa hozi na throto kutafuta vizuri. Zikisoma 150, 150, 95, 150, hapo kuna kitu ya kuongea. Weka kijiko cha oili kwa ile ya 95 na upime tena. Ikipanda, ni ringi. Ikikataa, ni valvu ama gaskiti ya hedi, na bei inabadilika, lakini angalau sai mnabishana juu ya silinda ya tatu peke yake.